Pampu Nayo Ina Haki ya Kustaafu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mji,
Jengo la Halmashauri,
Ghorofa ya juu, mlango wenye pazia.

Mheshimiwa,

KUHUSU: KUSIMAMISHA MKUTANO WA JUMAMOSI, PAMOJA NA MALALAMIKO SABA

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ukae vizuri kwenye kiti, maana barua uliyoishika imetoka kwa mtu ambaye kwa miaka thelathini na miwili jiji zima lilikuwa likioga kwa ruhusa yake. Sisemi kwa kujisifu. Kujisifu ni kwa watu wadogo. Nasema ili uujue uzito wa karatasi. Kule jijini, mkono wangu huu wa kulia, huu huu unaokuandikia, ukizunguka kidogo tu, mtaa mzima unakauka, na wenye maghorofa wanatoka nje na taulo kiunoni wakiniita baba. Mahakimu wamenibembeleza wakiwa na povu masikioni. Nikiweka sikio langu barabarani, nilikuwa naweza kukuambia nyumba ya ngapi wanaosha vyombo, na nani kati yao hasuuzi vizuri.

Mwaka wa kumi na tisa wa utumishi wangu, bomba la inchi kumi na mbili lilipasuka katikati ya barabara kuu. Mainjinia wakaja na michoro yao, wakaitandaza chini, maji yakaichukua. Mimi nikavua koti, nikalikalia lile bomba. Nililikalia tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, nikaletewa chai palepale, nikanywa vikombe vitatu, na jiji likaendelea na shughuli zake bila kujua nani kalikalia. Daktari aliyenipima baadaye alisema presha yangu imeishinda ya bomba. Hilo halimo kwenye jalada langu la kazi, kwa sababu ya husuda za ofisini.

Basi mtu wa namna hiyo amestaafu, akaziacha fahari zote za jiji, akaja kupumzika kwenye mji wako mdogo ulio karibu na bahari. Ungetegemea nini? Ungetegemea shukrani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekuja. Wenyeji wamekataa kupona.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa shule, wananchi wako wamepanga mkutano wa kuninyang'anya ufunguo wa kibanda cha pampu na kumkabidhi fundi cherehani. Narudia, Mheshimiwa, usije ukadhani kalamu imeteleza: fundi cherehani. Mwanamke anayeshona sare za shule na mapazia. Huenda hata pazia la mlango wako ni la kwake. Naomba mkutano huo usimamishwe, na sababu zangu nazipanga hapa chini kwa namba, kama tulivyozoea sisi watu wa ofisi.

1. Bahari haipo mahali ilipoahidiwa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ni dalali wa nyumba, naye ndiye aliyenitafutia hii ninayokaa. Alinipigia simu akasema, "Mjomba, wewe ukistaafu ni wa kukaa karibu na bahari. Unaamka, bahari hiyo. Unakunywa chai, bahari hiyo." Nikanunua kiti cha kukunja, mahususi kwa kuitazamia. Nilipofika na kufungua dirisha nikakutana na ukuta wa mfyatua matofali. Nikampigia. Akanijibu bila aibu, "Mjomba, nilisema karibu na bahari, sikusema na bahari." Ni mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuvaa viatu, na bado hakuvaa sawasawa.

Bahari yenyewe iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na ukifika unakuta imekwenda zake, imeacha tope na kaa wanaokutazama kama wanaokudai. Inarudi jioni, wakati mimi na goti langu tumeshafika nyumbani.

Hilo ningelivumilia. Lakini chumvi yake haijui umbali. Imekula bawaba za mlango, imekula baiskeli, imekula antena ya redio, na sasa nikitaka kusikiliza taarifa ya habari lazima mke wangu ashike waya na kuegemea kabati. Maana yake ni kwamba hasara za bahari nazipata zote, bahari yenyewe siipati. Naiomba halmashauri ama iisogeze bahari, ama iiamuru ikae na chumvi yake. Hili si la haraka sana. Nimeliweka la kwanza kwa sababu ndilo lililotangulia kutokea.

2. Nilipewa cheo kwa nguvu.

Siku ya pili baada ya kuhamia nilikwenda kwa kinyozi, yule mwenye kioo kilichopasuka pembeni. Kinyozi ni kama redio, ila redio ina pa kuzimia. Akaniuliza, "Mzee, kule jijini ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamjibu kwa unyenyekevu, "Mimi ni maji." Basi. Sikuongeza neno. Akasimamisha mkasi hewani, akasema, "Kumbe tumepata injinia!" Nilipotoka pale nilikuwa injinia. Nilipofika dukani kununua kiberiti nilikuwa injinia mkuu. Kufika nyumbani, mke wangu ananiambia amesikia kwa jirani kwamba kuna mkubwa wa maji wa nchi nzima amehamia mtaani kwetu, je, nimemwona?

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kukataa heshima uliyopewa kwa moyo mweupe ni utovu wa adabu. Nikanyamaza, kama wakubwa wanavyonyamaza. Wiki haijaisha, wakaja watu saba nyumbani kwangu na ufunguo umelazwa kwenye sahani. Mzee aliyekuwa akiitunza pampu alikuwa amehamia kwa binti yake, mbali. Wakanifanya Mwenyekiti wa Kamati ya Maji palepale barazani, wakapiga makofi, mama mmoja akapiga kigelegele kikamwamsha mfyatua matofali.

Sikuomba, Mheshimiwa. Mimi nilikuja kupumzika. Mstaafu akipewa cheo anapokea cheo. Kazi iliyomo ndani ya cheo ni habari nyingine, na hakuna aliyenieleza kwamba hapa kwenu viwili hivyo vinakwenda pamoja. Kule jijini havikuwa vinajuana.

3. Pampu imestaafu, na wananchi hawataki kuliheshimu hilo.

Kesho yake asubuhi nilifanya ukaguzi rasmi. Nilivaa koti langu la kazi, lile la bluu lenye nembo kifuani, nikaingia kibandani peke yangu, maana ukaguzi wa kitaalamu haufanywi mbele ya umati. Nikafunga mlango. Nikakaa na ile pampu nusu saa. Nilipotoka nilitangaza kwamba hali ni ya kuridhisha. Watu wakapiga makofi tena. Kufika adhuhuri mabomba yote ya mji yakawa makavu.

Leo ni siku ya ishirini na tatu. Ukiiwasha inanguruma, bomba linatetemeka, tone halitoki, basi naizima ipumzike. Wenye akili fupi wanasema nimeiharibu. Hebu sisi wawili tutumie akili ndefu.

Pampu hii imefanya kazi miaka thelathini na mitatu, mwaka mmoja zaidi yangu. Haijapewa likizo. Haijaagwa kwa soda wala kukabidhiwa saa ya ukutani. Miaka yote hiyo haijawahi kutembelewa na mtu wa daraja lake. Siku hiyo anaingia mtaalamu mstaafu, amenyolewa, amependeza, hana haraka. Pampu ikamtazama, ikajitazama na yenyewe. Ikasema, kumbe inawezekana. Ikastaafu. Ule mngurumo wanaousikia si kazi. Ni manung'uniko, kama ya mstaafu yeyote anayegongewa mlango asubuhi.

Kwa hiyo kuilazimisha kufanya kazi ni kumvunjia mstaafu haki zake. Leo mkiruhusu pampu irudishwe kazini kwa nguvu, kesho mtakuja kunigongea mimi. Naomba iandikiwe barua ya kustaafu yenye mhuri wako, ipakwe rangi, na mara moja kwa mwaka watu wapite mbele yake kimya kimya wakiwa wamevua kofia.

4. Ninaitwa majina.

Watu walewale walioniita Injinia sasa wananiita Bwana Ukame. Wananiita mbele ya mke wangu. Nikipita sokoni watu wanakohoa, kile kikohozi cha koo kavu. Mmoja akimaliza mwingine anapokea, kutoka kwa muuza viatu mpaka kwa muuza mkaa, mpaka nimalize kupita. Muuza sabuni haitikii salamu yangu. Anasema sabuni yake nije niile mwenyewe, maana wengine hawana cha kuifanyia povu. Mwenye duka amebandika karatasi mlangoni: "Maji hakuna. Sababu inakaa nyumba ya tatu kushoto." Mheshimiwa, nyumba ya tatu kushoto ni yangu.

Na kinyozi, aliyeanzisha balaa hili lote kwa ulimi wake, juzi ameninyoa bila kulowesha wembe. "Leo kavu, Injinia," akasema, huku wateja wakijiziba midomo, "kwa hisani yako." Nina majeraha matatu kidevuni. Ningeyaambatanisha na barua hii kama ushahidi, ila nayatumia.

5. Fundi cherehani amenidharau kwa adabu.

Sasa tumefika kwenye kiini. Huyu mama ana chumba kimoja karibu na stendi, ndani mna cherehani tatu. Moja ni yake, mbili ni za watu, wagonjwa waliolazwa. Hakuna kinachomshinda, ndivyo wanavyosema: pasi, feni, mashine ya kusaga, hata kufuli la kituo cha polisi alilifungua yeye, na mahabusu akawa amekaa ndani anamsubiri amalize. Hana koti. Hana nembo. Ana bisibisi aliyoichomeka kwenye nywele kama kitana.

Siku ya kumi ya ukame alikuja kibandani. Akanipa shikamoo kamili, isiyo na mzaha ndani yake, nimeichunguza. Akaniomba niiwashe pampu, nikaiwasha. Hakuingia, sikumruhusu. Akasimama nje, akainama, akaweka sikio kwenye bomba linalotokea ukutani. Sikio, Mheshimiwa! Mbinu yangu mwenyewe, mbele ya macho yangu! Akasikiliza, akanyanyuka, akapangusa vumbi shavuni, akasema, na hapa namnukuu ili iingie kwenye kumbukumbu: "Mwenyekiti, hii pampu haiumwi. Inalia kama mtu aliyezibwa mdomo. Nipe ufunguo dakika tano tu."

Dakika tano. Kule jijini dakika tano zilikuwa hazitoshi kutafuta kalamu. Jambo kama hili lingeundiwa kamati, kamati ingeomba gari, gari lingekosa mafuta, na baada ya miezi sita ingetoka ripoti nzuri yenye jalada gumu ikishauri iundwe kamati. Hiyo ndiyo heshima ya kazi. Sasa yeye anataka kulimaliza kwa muda ambao chai haijapoa!

Tena fikiria matokeo yake. Kitu kilichonishinda mimi siku ishirini na tatu akikiweza yeye kwa dakika tano, miaka yangu thelathini na miwili itakuwa sawa na nini? Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya karatasi. Jibu sikulipenda, karatasi nikaichana.

Nilimwambia alete maombi kwa maandishi, yaambatane na cheti cha ufundi wa maji, picha mbili na barua ya kumtambulisha kutoka kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maji. Akauliza mwenyekiti ni nani. Nikamjibu ni mimi, na kwamba nina shughuli nyingi. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akasema, "Haya, Mwenyekiti, ukipata nafasi." Kila asubuhi nikipita mlangoni kwake ananiamkia vilevile, kwa upole uleule. Angenitukana ningemshitaki. Upole huo sijui niupeleke kituo gani.

6. Hili nilitaka kuliruka.

Linahusu nyumba yangu. Kisima pekee kilichobaki ni kile cha zamani mwisho wa uwanja wa mpira, na foleni inaanza kabla jua halijachomoza. Mimi nina goti. Kwa hiyo anayekwenda ni mama watoto. Nilidhani atakwenda siku mbili alalamike, nami niandike barua. Badala yake amekuwa mkuu wa foleni. Yeye ndiye anayepanga ndoo, anayeamua mwenye mtoto mchanga atangulie, anayewatuliza wanaosukumana. Wanawake wa mji huu wanamsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi na cheo changu, na huyu ni mtu ambaye kule jijini alikuwa hamjui hata jirani wa ukuta mmoja. Amenawiri. Anarudi na habari za mji mzima na ndoo kichwani, anatembea kama aliyezaliwa hapa.

Wiki iliyopita aliitua ile ndoo jikoni, akafunga mafundo ya kitambaa chake upya, akasema, "Miaka thelathini na miwili naambiwa nimeolewa na maji. Mbona nayabeba mimi?" Hakusema kwa ukali. Nikachota kikombe kimoja, nikanywa.

Na juzi wakati tunakula aliweka kijiko chini, akaniuliza, "Baba watoto, niambie ukweli. Siku ile, mle ndani, ulifanya nini?" Nikamweleza kwamba ni mambo ya kitaalamu. Akanitazama vile anavyolitazama sufuria akijua chakula kimeungua, kabla hata hajafunua kifuniko. Akaendelea kula.

Jumamosi atakuwepo ukumbini. Amesema atakaa mbele, na kwamba wakati wa kupiga kura atanyoosha mkono. Atamnyooshea nani, hajasema. Ameshalipiga pasi gauni. Mheshimiwa, mimi katika maisha yangu nimekalia bomba la inchi kumi na mbili, lakini mkono wa huyo mwanamke ukinyanyuka dhidi yangu mbele za watu, sina pa kukalia.

7. Kudai maji karibu na bahari ni kukosa shukrani.

Hili ndilo la mwisho, na ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa hiyo lisome ukiwa umekunywa chai.

Mji ulio katikati ya jangwa ungelalamika, ningeuelewa. Mji wako una bahari nzima! Hakuna mji wenye maji mengi kuliko mji wenye bahari. Kwamba ni ya chumvi ni suala la ladha, na serikali haiwezi kuendeshwa kwa ladha ya mtu mmoja mmoja. Sisi kule ofisini tulikuwa na maneno mazuri sana ya kuandika katika hali kama hii. Tulikuwa tunaandika: "Huduma ipo, changamoto ni kuifikia." Mitaa mingine imeishi na sentensi hiyo miaka kumi na minne na haijafa.

Wahenga nao walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya hayakumwagika hata tone. Yapo yote. Sasa hasara iko wapi?

Tena tutazame faida. Sokoni hakuna tope. Nyumba ya wageni imebaki na mgeni mmoja, mji umetulia, na utulivu ndio tuliofuata sisi wastaafu. Watu waliokuwa hawasalimiani miaka sasa wanasimama foleni moja kuanzia alfajiri. Nasikia kuna posa mbili zimeshapelekwa kutokana na foleni hiyo, na ugomvi mmoja wa mipaka ya shamba umemalizwa pale pale juu ya ndoo. Mabomba yangetoa maji, nani angeyafanya hayo? Ukilitazama vizuri, tangu nifike nimeleta upendo, usafi wa barabara na umoja, kwa mkono mmoja, bila kuomba gari la halmashauri. Watangulizi wangu wote walichowaletea ni maji.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Mkutano wa Jumamosi uahirishwe, na iundwe kamati ndogo ya kuchunguza kama kulikuwa na haja ya mkutano. Uenyekiti wake niko tayari kuubeba. Ufunguo ubaki shingoni mwangu, ulipo sasa. Jina Bwana Ukame lipigwe marufuku, na neno "kavu" lisitamkwe nikiwa umbali wa hatua hamsini, hata kwa samaki. Kukohoa kufanyike kwa kibali. Fundi cherehani arudi kwenye nguo, na bisibisi aitoe kichwani, maana inaashiria uchochezi. Na kila mwananchi anayedai ana kiu aandike barua kwa mkono wake aeleze ni kiu ya namna gani, ilimwanza lini, na kabla ya hapo alikuwa akiishi vipi.

Nisiposikilizwa, nitahama. Sitishi; naarifu tu. Nitakunja kiti changu nirudi jijini, nikawaambie wastaafu wenzangu wote wanaopanga kuja huku kwamba mji wako hauna nafasi ya mtu mkubwa. Halafu Mheshimiwa utabaki na nani? Utabaki na watu wanaofanya kazi, nao hao utawapa vyeo gani?

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na wote walio chini yako. Nisalimie mwenzi wako wa nyumbani na watoto. Nisalimie katibu wako muhtasi, anayenijibu kila nikija kwamba uko kikaoni; mwambie siku ya Jumanne nilikuona dirishani unakula embe, lakini sina kinyongo. Nisalimie mlinzi wa getini aliyeniweka juani saa mbili akisema kivuli ni cha watumishi. Nisalimie dereva wako, karani aliyepoteza barua yangu ya kwanza, na karani aliyepoteza ya pili. Mpwa wangu dalali akifika ofisini kwako kuuza chochote, msalimie, usinunue.

Wako katika ujenzi wa taifa, nikiwa imara na mwenye uchungu,

Mwenyekiti wa Kamati ya Maji,
Mtaalamu Mwandamizi Mstaafu wa Maji ya Jiji,
Mjomba wa watu wengi.

Nakala:
Waziri anayehusika na maji.
Waziri anayehusika na bahari, kama yupo.
Mhariri wa gazeti (asipunguze hata neno).
Jalada.

Tanbihi. Mheshimiwa, hapa naomba usome peke yako. Hizo nakala sijazituma.

Pampu ni nzima. Haijastaafu. Mle kibandani, nyuma ya tangi, kuna koki kubwa nyekundu, imejificha kidogo. Siku ile ya ukaguzi niliifunga mimi. Si kwa ubaya. Kule jijini kazi yangu yote, tangu kijana mpaka siku ya kuagwa, ilikuwa kufunga maji ya watu waliochelewa kulipa. Nilikuwa na spana moja na baiskeli ya ofisi. Nikiona koki mkono unakwenda wenyewe, kama wako unavyokwenda kwenye mhuri. Siku ya nne ndipo nilipokumbuka. Nimekwenda mara sita kuifungua, na kila nikiishika nafikiri: nikifungua na maji yakatoka palepale, kila mtu atajua kwamba yalikuwa yamefungwa tu.

Ndani ya bahasha hii, chini kwenye kona, kuna ufunguo; nimeuvua shingoni sasa hivi. Naomba mkutano usiwepo. Mpe yule fundi ufunguo huo leo hii, kwa mkono wako, mwambie asijali habari ya picha mbili. Ila mwombe jambo moja. Akiingia asiifungue papo hapo. Akae humo ndani angalau saa moja, agonge gonge vyuma, atoke na grisi mikononi, aseme ilikuwa kazi ngumu kweli. Mke wangu atakuwa nje na ndoo, anasikiliza.

Na kama koki itamkazia, mwambie nadhani inazungushwa kushoto. Sina hakika. Kufungua ilikuwa ofisi nyingine, ghorofa ya pili, na kwa miaka thelathini na miwili sikuwahi kuizungusha upande huo hata mara moja.